Milango Iliyotangulia Vyumba

Mama Vifungo alikuwa anakata kola ya sare ya kumi na moja pale Bei Chee, dalali wa mtaa, alipochungulia dirishani bila hata hodi.

"Mama, lami imeingia, ghorofa zinaota kila kona. Kodi ya jengo itakupandia mpaka utosini. Niuzie hiki kibanda ukapumzike."

"Nikapumzike wapi? Kwako?"

Dalali akacheka, akaenda zake. Lakini Mama Vifungo aliweka mkasi chini. Karatasi ya kodi ilikuwa pale mezani: mara tatu ya mwaka jana. Asiyelipa wala kupinga kabla ya leo saa kumi jioni, nyumba yake inaingia kwenye mnada. Na chini, kwa wino wa bluu: vyumba vya kupangisha, viwili. Yeye hakuwa na mpangaji hata wa dawa.

Alizunguka ubavuni mwa nyumba, akaelewa. Marehemu mumewe alikuwa seremala mwenye kichaa chake: alianza na mlango, chumba kingefuata. "Mlango ukishasimama, nitaona aibu kutojenga," alikuwa akisema. Akasimamisha miwili kwenye ukuta ule, akaugua, akaenda. Ukiifungua unakanyaga hewa, halafu magugu. Mkaguzi alipita barabarani, hakushuka garini. Akahesabu milango, akaandika vyumba.

Kwenye ofisi ya kodi, karani hakuinua macho.

"Fomu inauliza milango ya nje, mama. Haiulizi magugu."

"Njoo uone basi."

"Mkaguzi atakuja. Baada ya miezi miwili."

"Na mnada?"

"Mnada haumsubiri mkaguzi. Labda ulete ushahidi kwamba milango haipo."

Mama Vifungo alirudi nyumbani mbiombio, akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, akampa bisibisi.

"Unang'oa kazi ya kaka?" shemeji akauliza.

"Naing'oa ili nyumba yake ibaki. Shika huku."

Bawaba zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Akachukua kichupa cha mafuta ya cherehani, akazidondoshea moja moja, akangoja, akajaribu tena. Mlango wa pili ulipotoka, upepo ukapita nyumba nzima.

"Sasa haya mashimo?"

"Wewe kaa hapo mpaka nirudi."

"Yaani mimi ndio mlango?"

"Ndiyo. Ila ukimwona mkaguzi, jifiche."

Wakacheka wote wawili, ingawa macho yao hayakuwa yanacheka.

Alimlipa mwenye mkokoteni kwa hela ya uzi. Mlangoni pa ofisi askari akamzuia.

"Mama, samani haziingii."

"Si samani hizi. Ni vyumba vyangu vya kupangisha."

Foleni ikaangua kicheko, watu wakampisha, wengine wakamshikia. Milango ikaegemezwa kwenye kaunta, na karani akasimama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Hii ni nini?"

"Ushahidi."

Karani akatazama saa: dakika kumi zimebaki. Akatazama foleni. Akagonga muhuri.

"Pingamizi limepokelewa. Nyumba haiingii kwenye mnada mpaka mkaguzi aje. Lakini akikuta milango imerudi ukutani, kodi ni ileile."

"Miezi miwili nilale na ukuta wazi?"

"Ndio utaratibu, mama."

Mama Vifungo akapitisha kiganja kwenye ubao, pale randa ya mumewe ilipolainisha mpaka pakawa kama shavu.

"Basi italala hapa. Mkaguzi akija kazini kesho, aihesabu kwenye jengo lenu. Niandikie risiti: milango miwili, mizima, na bawaba zake nne."

"Mama, hatuna risiti ya milango."

"Ya vyumba ambavyo havipo mlikuwa nayo."

Foleni nzima ikamgeukia karani. Karani akavuta kitabu, akaandika.

Mama Vifungo akaisoma risiti neno kwa neno, akaikunja, akaitia kifuani. Kisha akaondoka upesi, maana kulikuwa na magunia ya kushona pamoja yaenee mashimo mawili, na sare kumi na moja bado hazijapata kola.