Ta Rulinda na Sanduku la Barua Pepe

Jumatatu mchana Judica Kyaruzi alikuwa amekaa kibarazani kwao Kibeta, kompyuta ikiwa juu ya kinu kilichogeuzwa kichwa chini, akirekebisha programu ya kupokea barua pepe. Mama yake, Ma Benigna, alikuwa mkekani pembeni akimenya ndizi za jioni. Kazi yenyewe ilikuwa ya Mradi wa Maji Tiririka, wenye ofisi yake Muleba mjini. Vijiji vyenye pampu za mradi huo vilitakiwa kutuma malalamiko kwa barua pepe, na meneja, Gozbert Mutembei, alitaka programu itakayojua papo hapo barua inapoingia. Wafadhili walikuwa wamemuuliza kuhusu jambo hilo, na safari ya mwisho waliuliza kwa herufi kubwa.

Mpaka siku hiyo programu ilikuwa na tabia ya kuulizauliza. Kila baada ya dakika chache ilikwenda kwenye seva, ikabisha hodi, ikauliza kama kuna kipya, ikaambiwa hakuna, ikarudi. Judica aliona ni usumbufu kwa pande zote. Maktaba aliyoitumia, yaani mkusanyiko wa programu ndogondogo ambazo watu wengine wameshaziandika ili wewe usianze upya, ilikuwa na njia ya kistaarabu zaidi: unafungua sanduku la barua, unaiambia seva kwamba unasubiri, kisha unanyamaza. Kitu kikibadilika, seva ndiyo itakayokuambia. Judica akaandika mstari wa kusubiri, akauendesha, akaenda kuchota maji ya kuoshea ndizi.

Aliporudi, mwanamume mmoja alikuwa anatokea migombani. Alivaa koti la kijivu na kofia ya pama. Akapangusa viatu kwenye majani makavu, akaketi kwenye benchi la kibarazani, akaweka mikono magotini na kutazama mbele.

"Karibu," alisema Judica.

Mwanamume hakuitikia. Ma Benigna alimsalimu kwa Kihaya, kisha kwa Kiswahili, kisha tena kwa Kihaya kwa sauti ya juu, asije akawa kiziwi. Kimya.

"Mgeni wako hana adabu," alisema Ma Benigna, akaendelea kumenya.

Judica alifungua maelezo ya maktaba. Yalisema wazi kwamba anayesubiri hapokei neno lingine lolote. Ukitaka kuzungumza naye, sharti kwanza umkatishe kusubiri kwa neno moja.

"Basi," alisema Judica.

Mwanamume akageuka, akavua kofia. "Shikamoo, mama. Habari za hapa, dada? Mimi ndiye ninayesubiri."

"Unasubiri nini, waitu?" aliuliza Ma Benigna.

"Sanduku la barua pepe la Mradi wa Maji."

"Na kula umekula?"

"Bado."

Wakamtengea ndizi na maharage, akala sahani mbili. Wakati anakula Judica alikagua programu na hakukuta kosa lolote, kwa hiyo hakubadilisha kitu. Ma Benigna alisema mtu hawezi kukaa kwenye nyumba ya watu bila jina, akamwita Ta Rulinda, Ta ikiwa ni heshima kwa mwanamume, kwa sababu kwa Kihaya okulinda ni kusubiri, na pia ni kulinda, hivyo jina lingemfaa hata akibadilisha kazi. Baada ya chakula Judica akamwambia asubiri tena. Kabla jua halijafika usawa wa mparachichi, Ta Rulinda akasema kwa sauti kama ya mtu anayetangaza majina ya wagonjwa, "Imeingia moja." Judica alitazama kwenye kompyuta. Kweli ilikuwa imeingia.

Ta Rulinda alikuwa na desturi moja tu ambayo watu walihitaji kuizoea. Seva humhesabu mtu aliyekaa kimya karibu nusu saa kuwa ameshaondoka, kwa hiyo kila mara kabla nusu saa haijatimia alisimama, akajinyoosha koti, akaketi upya. Jumapili Ma Benigna alikwenda naye kanisani. Aliposimama katikati ya mahubiri, safu zote za nyuma yake zilisimama naye, kisha wanakwaya. Mchungaji Rugambwa alidhani anakumbushwa muda, akatoa baraka. Waumini wengi walimpa Ta Rulinda mkono mlangoni na kumwomba aje tena wiki inayofuata.

Wiki hiyo Judica alimpeleka Muleba.

"Mimi nilitaka programu," alisema Gozbert Mutembei, akimzunguka Ta Rulinda kama mtu anayechagua ng'ombe. "Wewe umeniletea mtu."

"Ni programu, Meneja. Ni sehemu ya maktaba."

"Analala wapi?"

"Halali. Anasubiri."

Gozbert aliridhika. Mtunza stoo alimbandikia Ta Rulinda namba ya mali ya ofisi kwenye ukosi wa koti, namba iliyofuata ile ya feni, na akawekwa kwenye kiti nje ya mlango wa meneja.

Siku mbili tatu mambo yalikwenda vizuri. Kisha Ma Klaudia alipiga simu kutoka Ngenge.

Ma Klaudia alikuwa katibu wa kamati ya maji ya kijiji. Pampu yao ilikufa tangu kiangazi kilichopita, na tangu hapo kijiji kizima kilichota maji kwenye lambo, pamoja na ng'ombe, ambao hawakuwa na mahali pengine pa kujisaidia. Mjukuu wake, Avit, alikuwa ametoka hospitali kwa homa ya matumbo, na daktari alikuwa amesema mtoto anywe maji safi, kama vile ni suala la mtoto kuchagua. Ma Klaudia alikuwa ameandika barua pepe nyingi, na kila alipopiga simu kuulizia, Gozbert alimjibu kwa upole kwamba haijafika, labda ni mtandao.

"Meneja, nimetuma sasa hivi," alisema Ma Klaudia.

"Haijafika, mama. Labda ni mtan—"

"Imeingia moja," alisema Ta Rulinda mlangoni.

"Nani huyo?" aliuliza Ma Klaudia.

"Ni kifaa," alisema Gozbert, akakata simu na kuifuta ile barua.

"Imefutwa moja," alisema Ta Rulinda. Seva hutoa pia taarifa za vitu vinavyoondoka, na yeye hakuwa na sababu ya kuzibagua. Mhasibu alisikia, dereva alisikia, na mama anayeuza maandazi dirishani alisikia na kumsimulia kila aliyenunua.

Habari ilifika Ngenge kabla ya jioni. Kesho yake Ma Klaudia alivaa kitenge cha kanisani, akapanda pikipiki mpaka Muleba, akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na Ta Rulinda, akatoa simu. Akatuma barua.

"Imeingia moja."

Ndani, Gozbert akafuta.

"Imefutwa moja."

Ma Klaudia akatuma nyingine. Waliendelea hivyo asubuhi nzima bila kuonana, mlango ukiwa umefungwa, Ta Rulinda akiwaeleza kila upande unafanya nini. Watu waliokuja kulipia maji walikaa kusikiliza. Wachache waliosikia kutoka barabarani waliingia wakidhani ni matokeo ya uchaguzi. Ilipofika saa ya chai, mama wa maandazi aliwagawia maandazi waliokuwepo na kuwaomba wasogee, wengine wapate kukaa.

Gozbert alimpigia simu Judica, naye akaja mchana. Alipita kwa Ma Klaudia, akampigia magoti kidogo kumsalimu, akaingia ofisini.

"Mrekebishe," alisema Gozbert. "Atangaze zinazoingia tu. Zinazofutwa asizungumzie."

"Hilo ninaweza, Meneja. Ni mstari mmoja." Kupitia dirishani Judica aliona bega la Ma Klaudia na kidole chake kikiandika. "Lakini si ungempeleka fundi tu Ngenge?"

"Fundi si tatizo. Fundi tunaye, yupo hapo nje, anasubiri gari."

"Na gari?"

"Linasubiri kibali."

"Kibali nani anatoa?"

"Mimi."

"Sasa?"

"Nasubiri taarifa rasmi kutoka kijijini."

"Si ndizo hizo zinazoingia tangu asubuhi?"

"Hayo ni malalamiko," alisema Gozbert kwa subira. "Taarifa ni kitu kingine."

Judica alifunga kompyuta, akasema huo mstari hatauandika. Alikuwa hajawahi kumkatalia mtu mwenye meza kubwa namna ile. Gozbert hakukasirika. Alifikiri, akaufungua mlango, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna barua itakayofutwa. Watu walipiga makofi. Ma Klaudia alisimama, akamshika mkono Judica kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Wakola, mwana wange," yaani asante, mwanangu, na machozi yakamlengalenga.

Gozbert alitimiza ahadi. Hakufuta barua hata moja, na hakufungua hata moja. Wiki zilipita, barua zikaingia, Ta Rulinda akazitangaza, zikakaa. Ma Klaudia alipopiga simu hakuambiwa tena kwamba ni mtandao. Aliambiwa, "Imefika mama, imefika ile ile dakika," na kwa kuwa ilikuwa kweli, alikata simu na kuandika nyingine.

Wafadhili walikuja mwezi wa senene. Walipelekwa moja kwa moja kwenye kiti cha Ta Rulinda, wakapewa senene wa kukaanga kwenye visahani. Kiongozi wao, mama mpole mwenye miwani, aliomba kuona mfumo unavyofanya kazi. Ma Klaudia, aliyekuwa amealikwa kuwakilisha watumiaji, alisema yeye hana haja ya maonyesho, ana haja ya pampu.

"Hilo ni muhimu sana," alisema yule mama. "Tafadhali liandike."

Ma Klaudia aliliandika pale pale, akatuma.

"Imeingia moja," alisema Ta Rulinda.

Wageni walishangilia, mmoja akapiga picha, wakaenda kula sangara Kemondo.

Jioni hiyo Ma Klaudia alipita Kibeta. Ma Benigna alimpa kahawa ya kutafuna, na wale wanawake wawili walikaa wakizungumza habari za mvua. Baadaye Ma Klaudia alimgeukia Judica.

"Na sisi kijijini tunaweza kupata mmoja?"

"Wa kusubiri nini, Ma Klaudia?"

"Maji. Akae pale kwenye pampu. Maji yakitoka, atuambie. Ni mbali kutoka nyumbani kwenda kujaribu kila siku."

Judica alitaka kusema kwamba hiyo si kazi ya barua pepe. Lakini alifungua kompyuta, kwa kuwa hakujua jambo lingine la kumfanyia, akaandika mstari wa kusubiri.

Ngenge walipata mwanamke. Alikuja na mwavuli, akaketi kwenye sakafu ya saruji ya pampu, akaweka mikono magotini. Kamati ilimjengea kibanda cha nyasi. Kila alfajiri wanawake hupita pale na madumu, husimama kidogo kumsikiliza. Anasimama, ananyoosha kitenge, anaketi upya, na hasemi kitu. Basi wanajua, wanakata kona kuelekea lambo, wakiharakisha kidogo ili wafike kabla ya ng'ombe.