Mwamba wa Kyaani

Mwaka ule wa themanini na nne, Kyaani ulikuwa mto kwa jina tu. Mchanga mtupu, mweupe, wa moto, kutoka ukingo huu hadi ule, na punda waliokufa wamelala juu yake miguu ikielekea mbinguni kana kwamba nao wanaomba. Maji yalikuwako, lakini chini, na hayakuwa ya kila mtu. Mwamba mmoja ulikata mto kama kizingiti kinavyokata mlango. Juu ya mwamba huo mchanga ulishika maji. Chini yake mchanga ulikuwa mchanga tu. Kila mtoto wa upande ule wa Kalamba alilijua hilo kabla ya kujua kuhesabu.

Juu ya mwamba ndipo kilipokuwa kisima cha kamati. Kilizungushiwa miiba, na mlangoni alikaa sabchifu Kilonzo na orodha ya majina. Jina lako likiwamo, unateka mitungi miwili. Lisipokuwamo, wewe ni mpita njia. Na jina liliingia kwa jembe: siku tatu kila wiki kwenye mwethya, ule umoja wetu wa kazi, kuchimba mitaro ya kuzuia udongo huko mlimani, na tumbo halina kitu ila uji wa mahindi ya njano ya msaada.

Chini ya mwamba alikuwa Mutie na shimo lake.

Mutie hakuwa mvivu, hata adui yake hangesema hivyo. Lakini miezi mitatu nyuma mkewe, Syokau, alikosa kazi siku mbili kwa sababu mtoto alikuwa na surua. Wakamfuta. Alipofika mlangoni na mtungi akaambiwa arudi wiki ijayo. Wiki ijayo! Kama vile kiu husoma kalenda. Syokau akateremka chini ya mwamba, akachimba peke yake, akachimba mpaka kichwa hakionekani. Mchanga ukamwangukia. Walipomtoa alikuwa bado ameshika kibuyu, na kibuyu kilikuwa na maji.

Tangu siku hiyo Mutie hakushika jembe la Kilonzo, wala hakuingia kanisani, wala hakumwomba mtu kitu. Alisema mdomo wake umefungwa na mchanga uleule.

Sasa Ndinda, mtoto wao wa pekee, binti wa miaka saba, alikuwa anaharisha siku ya tatu. Dada wa zahanati alikuwa amesema neno moja tu: maji. Yachemshwe, yatiwe chumvi na sukari, anywe, anywe tena, asiache mpaka akojoe vizuri. Shimo la Mutie lilikuwa linatoa kikombe kimoja asubuhi na nusu jioni. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani. Ukimfinya ngozi ya tumbo, ngozi ilibaki imesimama kama kitambaa.

Jumamosi Mutie alichukua debe akaenda mlangoni.

"Mutie," Kilonzo alisema, "umekuja kuomba ama umekuja kunihukumu? Nijue nitakalia kiti gani."

"Nimekuja na debe."

"Basi liseme hilo debe."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka, si kwa ubaya, ni kicheko cha watu waliochoka. Muthoki, kiongozi wa mwethya, mwanamke mwenye mabega ya mwanamume, akamwambia, "Baba Ndinda, si useme tu shida yako? Hapa nani hana shida?"

"Shida yangu mnaijua. Mliibeba juu ya kitanda mkaenda kuizika."

Kicheko kikakatika. Kilonzo akaangalia karatasi zake kana kwamba kuna jipya. "Kesho kutwa njoo na jembe. Nitakuandika. Siwezi kuvunja sheria kwa mtu mmoja, wataniuliza huko juu. Hata wana wa Israeli walifanya kazi."

"Walimfanyia Farao," Mutie akasema, akageuka na debe lake kavu.

Jumapili Ndinda hakuweza kusimama. Mutie akamwacha na bibi yake, Mbula, mama wa marehemu Syokau, ambaye siku hiyo hakwenda ibadani. Na hapa lazima nieleze, kwa maana desturi yetu ya nthoni haina mchezo: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja huingia porini. Mbula alipoingia kwa mlango wa jikoni, Mutie alitokea kwa mlango wa mbele, na ukuta wa udongo ukabaki katikati yao.

Akatembea bila kujua anaenda wapi, miguu ikampeleka kanisani. Hakuingia. Alisimama nje, karibu na dirisha lisilo na kioo. Ndani, mwinjilisti Evanson, mtu wa Nyeri aliyekuja kwetu kuuza duka akaishia kuhubiri, alikuwa anasimulia habari za watu walioacha Misri wakafika jangwani. Koo zimekauka. Watu wanamlaumu mkubwa wao, wanataka kumpiga mawe. Mungu akamwambia yule mkubwa achukue fimbo, aende kwenye mwamba, aupige. Akaupiga. Maji yakatoka, watu wakanywa na mifugo yao.

"Akaupiga!" Evanson akarudia, na kanisa lote likajibu amina. Hata Kilonzo, kiti cha mbele, koti limefungwa vifungo vyote.

Mutie hakungoja zaidi. Mtu mwenye kiu akishasikia maji yako wapi haulizi yaliyobaki. Alikimbia nyumbani, akachukua mtaimbo nyuma ya zizi, akateremka mtoni. Mlangoni pa kisima hapakuwa na mtu. Wote walikuwa wanaimba.

Msidhani hakujua. Alijua vizuri mwamba ule ulishika nini. Lakini alijiambia, nitatoboa shimo la kidole tu, maji ya mtoto mmoja. Tena Mungu mwenyewe ameruhusu, si nimesikia kwa masikio yangu? Akafukua mchanga mguuni pa mwamba mpaka akafikia mahali ambapo mzizi wa mkuyu ulikuwa umeingia kwenye ufa. Akasimamisha mtaimbo.

Pigo la kwanza lilikuwa la Ndinda. La pili pia. Kutoka la tatu hakuwa anampigia Ndinda tena. Alimpiga Kilonzo. Aliipiga ile orodha. Alipiga mlango wa miiba na wiki ijayo na huko juu ambako siku zote kuna mtu wa kuuliza na hakuna mtu wa kujibu. Alipiga huku analia kwa sauti, na katikati ya kilio akajikuta anamwita Mungu kwa jina, si kwa kumwomba.

Mwamba ukalia. Kipande kikubwa kama mto wa kulalia kikang'oka, na maji yakatoka. Maji kweli! Mazito, baridi, yanasukuma mchanga mbele yake. Mutie akajaza debe, akapanda ukingo mbio, maji yanamwagikia mgongoni, anacheka kama mwendawazimu.

Ndinda alikunywa. Yalichemshwa haraka haraka, yakapozwa kwenye sufuria, akanywa, akatapika, akanywa tena.

"Mjukuu wangu," Mbula akasema kutoka upande wa pili wa ukuta, "mwulize baba yako maji haya yametoka mwamba upi."

Mtoto hakuwa na nguvu ya kuuliza. Mutie akaujibu ukuta. "Mwambie bibi yako nimesikia mahubiri nikiwa dirishani, nikapiga kama yule wa jangwani alivyopiga."

Ikaja sauti ya mama mzee, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. "Mwambie baba yako aliondoka dirishani kabla ya wakati. Mimi habari hiyo naijua tangu nikiwa msichana. Mara ya kwanza yule mzee aliambiwa apige. Miaka ikapita, kiu ikarudi, na mara ya pili aliambiwa aseme tu. Useme na mwamba, utatoa. Lakini alikuwa amechoka, amezika dada yake juzi, ana hasira na watu. Akapiga, tena mara mbili. Maji yalitoka, maana Mungu hawanyimi watoto kwa sababu ya hasira ya mzee. Lakini nchi ile aliyoiendea miaka arobaini aliiona kwa macho tu."

"Mwambie bibi yako sina nchi ninayokwenda."

"Mwambie baba yako wahubiri wetu hufundisha kwamba mwamba ule ni Kristo. Alipigwa mara moja, ikatosha. Hakuna wa kumpiga tena. Sasa ni kusema naye."

Mutie akaukaribia ukuta, akasahau kwamba alitakiwa kumtuma mtoto. "Nilisema naye! Siku nilipomfukua Syokau kwa mikono hii nilisema naye mpaka sauti ikakauka. Alijibu nini?"

"Alikuwa binti yangu kabla hajawa mke wako," Mbula alisema. "Mimi pia nangoja jibu. Nangoja nikiwa nasema."

Hapo ndipo ukelele ulipotoka mtoni. Si wa mtu mmoja.

Watu walikuwa wametoka ibadani wakakuta kisima kinashuka kama chai kwenye kikombe kilichopasuka. Chini ya mwamba maji yalikuwa yanakimbia hatua mia, kisha mchanga unayameza. Maboma arobaini yalitegemea kisima kile. Mutie akasimama mlangoni kwake akisikiliza. Hakuna aliyemwona. Angeweza kuficha mtaimbo, akakaa na mtoto wake na debe lake. Aliwaza hivyo, sitaficha. Aliwaza, wacha Kilonzo naye aone kavu. Halafu akasikia kilio cha mtoto mchanga katikati ya zile kelele, na akajua ni watoto wangapi hawatapata hata kikombe kesho, na ni mama gani watateremka chini ya mwamba kuchimba.

Akateremka.

"Ni mimi," akasema.

Kilonzo alimrukia shati. "Nilijua! Mnyama wewe! Leteni kamba. Huyu anakwenda polisi leo leo."

"Nifunge baadaye, mzee. Maji hayangojei polisi. Muthoki, udongo wa kichuguu! Kile kikubwa cha kwa Nzuki. Na mawe."

Muthoki alimtazama kwa macho ambayo Mutie hatayasahau. Kisha akafunga leso kiunoni, akapiga ule wito wa mwethya, na wanawake wakaondoka na karai na vyondo, nguo za Jumapili na yote. Mutie akaingia ufani. Aliziba kwa mgongo wake kwanza, maji yanampiga mbavu, huku wanamrushia udongo na yeye anaupondaponda kwa visigino. Udongo wa mchwa ukishiba maji hushika kama saruji, lakini lazima upondwe, na kuponda kunataka nguvu, na hakuwa amekula tangu Ijumaa. Alianguka mara mbili. Mara ya pili aliyemshika mkono na kumsimamisha alikuwa Kilonzo, koti lake la kanisani limejaa tope.

"Usinifie hapa," Kilonzo alisema kwa meno. "Nataka uende mahakamani ukiwa mzima."

"Ponda upande huo," Mutie akajibu.

Jua lilipoanza kuinama, ufa ulikuwa unatoa jasho tu. Kisima kilibaki chini ya nusu. Watu wakakaa kando.

Muthoki ndiye aliyesimama. Sheria ya mwethya huijua sabchifu, lakini husemwa na wanawake. "Mitungi miwili imekwisha. Ni mmoja kwa kila boma mpaka mvua. Na Mutie hataingia ndani ya miiba hii mpaka mvua. Polisi wafanye yao, sisi hii ndiyo yetu."

Hakuna aliyepinga. Mutie alikuwa nje ya mlango, tope limemkauka mwilini. Lile debe la kwanza lilikuwa limekwisha. Mtoto alilitapika nusu. Alijua ni lazima afungue mdomo. Akaufungua, hakikutoka kitu. Akajaribu kwanza kimoyomoyo, kwa yule aliyempigia kelele asubuhi: Bwana, bado nina uchungu na wewe. Bado. Lakini mtoto anakauka.

Halafu akasema kwa sauti, na ilikuwa sauti ya mtu mwingine, ndogo. "Nawaomba maji. Ni ya Ndinda. Tafadhali, mama zangu. Na wewe, mzee Kilonzo. Nakuomba."

Kilonzo akageuza uso akaangalia mlima. Orodha yake ilikuwa imelowa tope, hata majina hayasomeki. Muthoki akachukua mtungi wake mwenyewe, mmoja wa boma lake, akaupitisha nusu juu ya miiba.

"Rudi kesho uombe tena," akamwambia. "Kila siku utaomba. Hatutakuletea."

"Nitaomba."

Usiku wote aliwasha kuni, akachemsha, akatia chumvi, akatia sukari aliyokopeshwa na mama mzee kupitia tundu la ukuta, akampa mtoto kijiko kwa kijiko. Alisema na Mungu kati ya kijiko na kijiko. Hayakuwa maombi ya kanisani, yalikuwa malalamiko mengi na ombi moja. Hakujibiwa kwa sauti yoyote. Karibu na mapambazuko mtoto aliacha kutapika, lakini alilala kimya mno, na Mutie aliweka sikio kifuani pake mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka.

Kulipopambazuka, askari wa sabchifu alikuwa ameketi kwenye kigogo uani, anamngojea, ameshikilia kofia magotini. Mutie alikuwa anatafuta shati lisilo na tope.

"Baba," Ndinda akasema.

"Eeh, mama."

"Nataka kukojoa."

Tangu juzi hakuwa amekojoa hata tone. Mutie akamnyanyua, mwepesi kama ngozi ya mbuzi, akamtoa nje mbele ya askari yule, akamshika kwapani nyuma ya nyumba.

"Kojoa, mama," akasema. "Kojoa polepole. Hatuna haraka."