Nyumbu Aliyeteleza

Mgeni akibisha hodi, Elzie Cantrell alilegeza kwanza nyuzi za fidla yake, ndipo akafungua mlango. Aliogopa mjanja asije akagundua alivyozikaza. Kwenye ngoma na harusi za bonde lile la Kentucky alipiga kila alichoombwa, isipokuwa wimbo mmoja, "Kwato Barafuni". Huo aliupiga nyumbani tu, mlango umefungwa, kwa nyuzi alizozikaza kwa namna yake.

Baba yake aliutunga baada ya kuvuka mto ulioganda akimvuta nyumbu. Katikati ya mto nyumbu aliteleza, na katikati ya wimbo pigo moja linakosekana, kama mguu uliokanyaga hewa. Hapo ndipo palipokuwa na utamu wote.

Binti yake, Vesta, aliuomba akiwa na miaka kumi na miwili.

"Utaolewa, uupeleke kwa watu," Elzie alimjibu. "Kajifunze nyingine."

Vesta akajifunza nyingine, kwa majirani.

Burl Tackett, jirani mpiga fidla, hakuomba. Siku moja alikuja kuazima msumeno, akasimama nyuma ya ukuta, akausikiliza wimbo mpaka mwisho, akaondoka bila kubisha. Penye mteleko alidhani sikio lake limemdanganya, akapaziba. Wimbo ulionyooka ukawapendeza wachezaji. Miaka ishirini Burl akaupiga kila harusi, hata redioni, na watoto wakaupiga miluzi wakienda kuteka maji.

Kisha kiharusi kikaupooza mkono wa kushoto wa Elzie. Akamwita Vesta, sasa mwanamke wa miaka thelathini na minane.

"Chukua fidla."

"Kwani leo siolewi, Baba?"

"Nilikosea. Usinilazimishe kulisema mara mbili."

Wiki tatu alimwimbia kwa mdomo, akigonga mdundo gotini kwa mkono wake wa kulia. Wimbo wa baba yake ulikuwa umebaki na mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni vidole vya Vesta. Alipoupata wote, mteleko na kila kitu, Elzie aligeukia dirisha akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Jumamosi ya mashindano, kwenye uwanja wa mahakama, Vesta aliupiga vizuri kuliko babaye alivyowahi kuupiga. Alipofika kwenye mteleko, wachezaji wakakanyagana. Watu wakacheka.

"Mama, mkono unao," mwamuzi alisema, "ila pale katikati umeruka. Hebu msikilize Burl, mwenye wimbo."

Elzie akasimama na mkongojo wake. "Hakuruka! Pale nyumbu anateleza!"

"Nyumbu gani, Mzee?"

"Wa baba yangu!"

"Alikuwa amelewa nini huyo nyumbu?" mtu akadakia, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Mwamuzi akauliza kwa upole, "Mzee wangu, yuko mtu mwingine aliyewahi kuusikia hivyo?"

Elzie akatazama vichwa vyote vyeupe vilivyocheza kwa fidla yake tangu ujana. Hakuwepo hata mmoja. Mwenyewe alikuwa amehakikisha hivyo. Burl, ambaye sasa alijua sikio lake halikumdanganya siku ile, alikuwa akiangalia viatu vyake.

Baada ya mavuno, majirani walijaa jikoni kwa Vesta kumenya mahindi, na kazi ilipokwisha wakataka kucheza. Elzie alikaa pembeni na sahani ya maharage. Vesta akaanza "Kwato Barafuni". Babaye akaacha kutafuna, akisubiri.

Wimbo ukapita palepale, laini, umenyooka. Miguu haikukosea.

Ulipoisha, alimwita kwa kidole. "Na nyumbu?"

Vesta akainama sikioni mwake. "Leo kavuka salama, Baba. Wakijikwaa, wananicheka mimi." Akamwekea fidla mapajani, akaenda kuwatilia watu kahawa.

Mlangoni mtu akabisha hodi. Kwa mazoea ya miaka mingi, Elzie akautuma mkono wa kushoto uliopooza kwenye vigingi vya fidla ulegeze nyuzi. Vidole havikufumbata.