Mawe ya Kumpokea Hakimu

Kwa miaka mitano mahakama yetu ilikuwa na hakimu mmoja. Ng'ombe mia, kisima kimoja. Huyo huyo asikilize ndoa zilizovunjika, wizi wa nyavu, watu waliotoana meno kilabuni, na mimi Kija na kishamba changu huku mlimani Ilemela. Nilikuwa najifunga kitenge cha kanisani, nakaa kwenye benchi mpaka miguu inavimba, halafu karani anachungulia mlangoni: "Bibi, shauri lako limeahirishwa." Mara kumi na moja. Siku moja nikamuuliza, "Mjukuu wangu, neno hilo ulilinyonya kwa mama yako?" Akacheka, akaniandikia tarehe nyingine.

Shauri lenyewe wala si kubwa. Jirani yangu Nestory alivuka mpaka hatua nane, akapanda mihogo, akasema na kisima ni chake. Kisima hicho alikichimba marehemu mume wangu, Ngosha, kwa sururu, akitoboa kokoto. Ndicho kinachonywesha mchicha wangu. Mchicha ukifa, mimi nabaki kuwapigia simu watoto niombe hata chumvi. Na mpaka ulikuwa unaonekana: mawe saba, kila moja kama kichwa cha ndama, Ngosha aliyapanga kwa mstari kabla mzaliwa wangu wa kwanza, Masele, hajaota meno.

Basi tukasikia wilaya inaongezewa hakimu wa pili, na kitengo cha mashauri ya ardhi peke yake. Kitakaa kwenye ghala la zamani la pamba, hapa hapa chini ya mlima wetu. Nilipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Mwenyekiti wa mtaa, Chenge, akapita na kipaza sauti. Kuna mgeni rasmi wa kufungua kitengo, barabara ipendeze, kila nyumba ilete mawe ya kupanga pembeni, yatapakwa chokaa. Mimi siku hiyo nilikuwa sokoni Kirumba nauza mchicha. Jioni nikarudi, nikakuta barabara nyeupe pande zote mbili kama meno ya bibi harusi. Nikasifu! Mdomo wangu huu ulisifu.

Asubuhi nikaenda kisimani. Mawe hayapo, hata moja.

"Teodora!" Huyu ni wifi yangu, dada wa Ngosha, tunaishi wote. "Mawe ya mpaka yako wapi?"

"Si walisema kila nyumba itoe? Mgongo wangu unaujua, wifi. Nikachukua yale yaliyokuwa yamejipanga tayari."

"Yalijipanga? Kaka yako aliyapanga!"

Akakaa chini, akajifunika uso kwa kanga. Ningemgombeza vipi? Nikateremka barabarani. Mawe mia mbili na zaidi, yote meupe. Nikalisugua moja nitafute yangu, nikalisugua la pili. Chenge akanikuta nimeinama.

"Mama Masele, usiguse! Ukitoa moja barabara inakuwa kibogoyo. Subiri mgeni aondoke."

Nikasubiri. Mgeni alipoondoka, Nestory alikuwa ameshalima matuta juu ya mstari wote, kila shimo la jiwe limefukiwa. Akaniambia, taratibu kabisa, "Ukiyarudisha sasa, nitasema umejipimia mwenyewe."

Hakimu mpya, Rebeka, ni mama wa makamo tu, mcheshi. Sitamsema vibaya. Wiki mbili hazikuisha, akapanda mlima kwa miguu na karani wake kuja kuona eneo. Majirani wakajaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mheshimiwa."

"Mpaka wenu ulioneshwa na nini?"

Mimi nikiogopa husema kwa mafumbo. "Kitendawili!"

"Tega!" wakaitika wote, na hakimu pia, halafu akajishika mdomo.

"Nina walinzi saba. Hawali, hawalali, hawahami."

"Wamehama!" akapaza Nestory. "Wako barabarani wanapokea wageni!"

Watu wakacheka. Hata karani aliinamia karatasi zake, mabega yanamtikisika. Nilitamani nimrushie Nestory ndoo.

Teodora akaeleza alikoyatoa, sauti inamkatika. Shemeji wa Nestory, aliyeletwa kuwa shahidi wake, naye akaeleza vingine, bila hata kupepesa macho. Hakimu akaandika, akatembea juu ya matuta, akarudi.

"Bibi, mawe yaliyoko barabarani hayawezi kuniambia yalikuwa yamekaa wapi. Nahitaji mpimaji."

"Aje hata kesho, Mheshimiwa."

Akamtazama karani. Karani akasema mpimaji ni mmoja, wilaya nzima, na nafasi iko mwezi wa nne.

"Basi mpaka mwezi wa nne," hakimu akasema, "kipande hiki asikiguse yeyote. Si wewe, si Nestory."

"Na kisima?"

"Na kisima, bibi. Nikimruhusu mmoja nitakuwa nimeshaamua."

Ni haki, najua. Ungeniuliza darasani ningejibu hivyo hivyo. Lakini mchicha haujui haki. Siku ya kwanza ulinyong'onyea, ya pili ukalala. Maji ya ziwani tulipanda nayo mimi na Teodora, ndoo moja moja, na tuta la kwanza likiloa la mwisho limekauka. Siku ya tatu Teodora alishindwa kuinuka kitandani. Mwezi wa nne bado majuma tisa.

Siku ya nne asubuhi nilichukua ndoo na kamba, nikaenda kisimani. Nestory alikuwa mlangoni kwake anapiga mswaki.

"Mama Masele! Umesahau amri ya hakimu?"

"Sijasahau." Nikateremsha ndoo. Ikagonga maji, ikazama.

"Nitakushtaki! Haki ya Mungu, leo leo!"

Nikavuta kamba mpaka ndoo ikatokeza, imejaa.

"Nenda, baba. Mahakimu sasa ni wawili, hawatakuchelewesha."

Nikamwagia tuta la kwanza, nikarudi kuchota ya pili.