Mawaridi ya Bwana Dishon

Bwana Dishon Wepukhulu alikuwa mtu wa maendeleo, na ukisahau, alikukumbusha mwenyewe. Mwaka wa 1973 alijenga hoteli ya ghorofa karibu na soko la Kibuye, katika mji wetu kando ya ziwa, akataka ukuta wa mapokezi uwekwe vigae vya maua. Vya ng'ambo vilimshinda bei. Basi akaja kwangu mtaani Obunga, ameshika leso puani.

Mimi ni mfinyanzi. Udongo nachimba mwenyewe kando ya mto, nauchanganya na unga wa vyungu vilivyovunjika, na nyuma ya nyumba nina bustani yangu ya mboga: saga, kunde, mrenda na maboga. Jani nalilaza kifudifudi juu ya kigae kibichi, kwa sababu mishipa hutokeza upande wa chini. Nalikandamiza, nalibandua. Kisha pembeni naweka alama yangu, dole gumba na ncha ya jani la saga. Mama alinifundisha hivyo, ili chungu kikipasuka mteja ajue wa kumtukana.

Bwana Dishon alikigeuzageuza kigae cha jani la boga.

"Iko maridadi, Mama. Lakini mboga kwa ukuta? Wageni watadhani tunawaonyesha chakula ya mchana. Mimi nataka maua ya rosi."

Obunga nzima haikuwa na waridi hata moja. Kesho yake akaniletea ya plastiki kutoka sebuleni kwa mkewe, yameoshwa kwa sabuni.

"Na hiyo alama yako, hapana. Hoteli ni yangu. Lakini siku ya kufungua nitakutaja mbele ya watu, jina yako yote."

Nikakubali. Jina langu lote, mbele ya watu! Halikuwahi kutajwa hadharani tangu nibatizwe, na siku ile nilikuwa nalia.

Nikayakandamiza mawaridi ya plastiki na majani yake kama ninavyokandamiza majani ya Mungu, kifudifudi. Nilipoyabandua, yalikuwa yameacha herufi ndogo udongoni, zimegeuka. Nikazisoma polepole: Made in Hong Kong. Ningeweza kuzifuta kwa kidole. Sikuzifuta. Nilikatazwa kuweka alama yangu; ya watu wengine hakuna aliyenikataza. Vigae mia na ishirini vikaingia motoni na herufi zake, nami nikacheka peke yangu kama mwehu.

Siku ya kufungua nilivaa gauni la Krismasi, nikakaa mbele na jirani yangu Agneta; sikuwa nimemwambia neno kuhusu vigae, nilitaka alisikie jina langu pale pale. Bwana Dishon alimshukuru Mungu, akamshukuru fundi wa mabomba, akamshukuru aliyeleta soda. Aliishukuru hata mvua, ambayo haikunyesha. Kisha akaketi. Mimi nilibaki nimenyoosha shingo, nimejiandaa kusimama, na aibu ikanishika mpaka masikioni.

Mgeni wa heshima, mke wa mkubwa mmoja serikalini, akaenda kuusifu ukuta. Akainama. Akatoa kwenye mkoba kioo chake cha kujipaka poda, akakisogeza karibu na kigae, akasoma kwa sauti zile herufi.

"Bwana Dishon, hii maua ilitoka wapi?"

Sasa ataumbuka, nikajiambia. Sasa itabidi aseme yote: plastiki ya mkewe, Obunga, na jina langu lote, Maximilla Nabututu. Bwana Dishon alikitazama kigae, kisha akanitazama mimi.

"Hong Kong, Mama," akasema. "Imekuja na meli mpaka Mombasa, halafu treni mpaka hapa."

Watu walipiga makofi hadi vumbi likatimka. Hata wasiojua Hong Kong iko upande gani wa ziwa walipiga. Mzee mmoja aliupapasa ukuta wangu, akasema, "Kweli, hao watu wana mikono."

Nilitaka kusimama nipige kelele, lakini nani angeniamini, na ushahidi niliuchoma mimi mwenyewe? Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikichimba mara mia na ishirini. Nilikunywa soda yangu. Iliniuma kuliko nilivyotaka kuonyesha.

Tulipokuwa tukirudi, Agneta alinishika mkono kwa upole.

"Usikasirike, Maximilla, nakuambia kama dada. Si ujifunze kutengeneza kama ya hao watu wa Hong Kong? Wewe kila siku ni mboga, mboga."

Nikamwambia nitajaribu.