Mtunza Taa Niliyemuua

Niliajiriwa kisiwani kupaka rangi mnara wa taa. Wageni wakaanza kuniuliza historia yake, na mimi kunyamaza sikujaliwa. Mwaka uliofuata rangi yangu ilikuwa imebabuka yote, nami nimeshakuwa mtembeza wageni.

Mnara una ngazi mia moja na kumi na mbili, na magoti yangu hugoma kwenye ya sitini. Kwa hiyo nilitunga kisa kirefu cha kusimulia hapo huku nikivuta pumzi: mtunza taa wa mwisho kuishi humu, mashine ikakwama katikati ya dhoruba, akaizungusha taa kwa mkono siku mbili mfululizo, meli zikapona, yeye akakutwa amekufa kashika mpini. Kila mwaka nilitia chumvi. Mwaka jana nilimwongezea homa.

Asubuhi moja alipanda bibi mmoja, wajukuu zake wamebaki nyuma wakipiga picha. Nilipomaliza kusimulia alikuwa analia. Nikajipongeza kimoyomoyo, punda mimi.

"Huyo ni baba yangu," akasema. "Tuliambiwa alitutoroka. Nimeishi na hilo miaka sitini. Mwanangu, una hakika alifia hapa?"

Nilitamani ardhi inimeze, ila nilikuwa ghorofani. Daftari la zamu liko kabatini ofisini. Nililisoma mara moja, nikalirudisha kwa kuwa halikuwa na utamu. Ukurasa wa mwisho unasema: Taa imezimika. Mtunza taa hayupo. Boti haipo.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Kisa nimekitunga mwenyewe. Daftari linasema aliondoka na boti."

Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasikiliza wajukuu wakipanda kwa vishindo.

"Hiki kisa unawasimulia watu wote?"

"Wote, mama."

"Basi na hawa wasimulie. Usipunguze kitu."

Nikawasimulia, mimi domo kaya wa miaka yote, nikibabaika kama mtoto aliyesahau shairi mbele ya darasa. Mjukuu wa kike aliyekuwa mdogo kuliko wote akaniuliza kama ni kweli. Nilimgeukia bibi yake.

"Kweli," bibi yake akamjibu. "Nilimngoja mpaka nikaolewa. Angekuwa hai angerudi."