Pampu Ndani ya Ndagala

Clotilda, mkamua mawese wa Rumonge, alikuwa mama mkwe mwenye mdomo, lakini hakuwa na roho mbaya. Ugonjwa wake ulikuwa aibu. Siku wakwe waliposhuka kutoka Bururi kuja kumwona mtoto mchanga wa Naomie, aliitoa pampu ya pumu ya mkamwana wake pale dirishani, akaifukia ndani ya kikapu cha ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, wageni wasije wakasema binti yao anaugulia kwake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Msemo huo alizoea kuwatolea wengine.

Asubuhi hiyohiyo Naomie aliumwa kichwa. Clotilda akafungua fundo la kitenge chake, mlimokaa vidonge vya kila namna, vyeupe vyote, bila karatasi.

"Mama, muganga alisema aspirini nisiiguse, itanibana kifua. Ninywe parasetamoli tu."

"Kwani mimi nitakupa sumu? Dawa ya kichwa ni dawa ya kichwa. Meza, wageni wako njiani."

Akameza, maana mkwe habishiwi.

Wageni wakala, wakacheka. Wakati wa kuaga, pua ya Naomie ilikuwa imeziba na kifua kinalia filimbi. Akapapasa dirishani. Patupu.

"Pampu," alisema. Neno la pili halikutoka.

Clotilda akakimbilia jikoni. Kikapu hakipo. Mwanawe Dismasi, mtu wa adabu zake, alikuwa amekwisha kuwapa wakwe, kwani mgeni haondoki mikono mitupu. Sasa kilikuwa juu ya gari, kimefungwa kamba, na gari linanguruma.

Zawadi ikishatolewa hairudishwi, tena kwa wakwe! Clotilda alisimama mlangoni. Akisema, ataumbuka. Asiposema, mtoto wa watu anamfia.

Alichukua panga, akapanda juu ya gurudumu, akakata kamba, akakipindua kikapu mbele ya wote. Ndagala zikatapakaa vumbini. Mama yake Naomie alishika kichwa kwa tusi lile. Clotilda akapiga magoti, akachambua mpaka mkono ukaikuta plastiki.

Naomie alivuta, akavuta tena, Dismasi amemshikilia mgongo. Pumzi ikaingia kidogo, kidogo tu. Wakampakia kwenye gari lilelile kwenda hospitali.

Njiani mama yake Naomie aliuliza polepole, "Leo amekula nini, mkwe?"

Clotilda angeweza kusingizia moshi wa jikoni. Moshi hauna mdomo wa kukana. Akafungua fundo, akalitandaza juu ya mapaja ya mkwe wake.

"Nimempa viwili vya humu," alisema. "Ni vidonge gani hasa, sijui. Na pampu niliificha mimi, ili usiione."

Mkwe alilifunga fundo upya, kitenge kikiwa bado kiunoni mwa Clotilda, na kulishika kwenye ngumi, wala hakuliachia. Wakashuka hospitalini vilevile, mmoja ameshika nguo ya mwenzake, na muuguzi alipotokea, Clotilda ndiye aliyetangulia kusema.